Walioenda ng'ambo kwa mchezo ndio wanaorudi na lugha, walioenda kwa lugha wanarudi na cheti. Mnabisha?

#1 Kizingo_Kwetu
Salamu jamvini. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, kichwani hana kitu isipokuwa judo, na sasa amepata nafasi katika shule ya lugha Japani. Darasa ni nusu siku, jioni mazoezi ya judo. Mamangu ameshika kichwa: "Atasoma saa ngapi na miereka yote hiyo?" Ataka aende kusoma tu, mchezo auache huku huku Tononoka.

Mimi naona kinyume. Hapa mtaani kuna wawili nawajua. Mmoja alisomea Kichina kulekule China, cheti kimetundikwa sebuleni, lakini akipigiwa simu na mgeni wa bandarini anatafuta pa kujificha. Wa pili alikwenda Uturuki kucheza mpira wa wavu, darasa hakuliona, na leo akikutana na mabaharia wa Kituruki anapiga soga mpaka wanamuuliza kwao ni mji gani. Na mkubwa wao ni Douglas Wakiihuri, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa. Alikwenda Japani 1983 kukimbia, si kusoma, na Kijapani akakijua barabara.

Nasema mchezo ndio darasa lenyewe. Anayebisha aje na sababu.

#2 Bi_Msafwari
Nabisha mie. Huyo wa Kichina ni mwoga na huyo wa wavu ana mdomo. Ungewabadilishia nchi, mwoga angerudi bubu kutoka Uturuki na mwenye mdomo angekuwa mkalimani Beijing. Mchezo wausingizia tu.

#3 Nahodha_Mstaafu
Umenikumbusha mbali. Ubingwa wa dunia wa Roma 1987 tuliusikilizia redioni, marathoni, na watu hawakuamini kuna mtoto wa kisiwani anayemaliza kilomita 42 hali sisi tunahema kwa kupanda ule mlima wa feri Likoni. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki Seoul. Kocha wake alikuwa Kiyoshi Nakamura, yule yule aliyemlea Toshihiko Seko, mkimbiaji mashuhuri wa marathoni wa Japani. Mzee huyo sifa yake haikuwa kushika saa tu, alikuwa akihutubia wanariadha wake muda mrefu, dini, falsafa, maisha. Sasa fikiri kijana amekaa mbele ya mzee kama huyo kila siku na hana pa kukimbilia. Atakosaje lugha?

#4 Takwimu_Mfukoni
Nahodha, Seoul 1988 ilikuwa fedha. Dhahabu aliichukua Gelindo Bordin wa Italia, Wakiihuri akawa wa pili kwa sekunde 15. Roma ndiyo aliyoshinda, kisha London 1989, na 1990 akashinda New York na Michezo ya Jumuiya ya Madola, Auckland. Mkenya wa kwanza kuchukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ni Samuel Wanjiru, Beijing 2008, kwa saa 2:06:32. Naye pia ni zao la Japani: alipelekwa shule ya sekondari Sendai 2002 akiwa na miaka 15.

Na Nakamura alifariki 1985. Kwa hiyo hotuba zake Wakiihuri alizipata kama miaka miwili tu, baki alijitafutia mwenyewe.

#5 Nahodha_Mstaafu
Fedha, sawa. Umri huu wacha niwape watu dhahabu.

#6 Chande_wa_Changamwe
Nimeishi Japani, nimesoma shule ya lugha na nimecheza judo jioni kwenye klabu ya chuo, kwa hiyo wacha niseme nilichokiona.

Kwanza, mazoezini hamna maneno. Watu wanadhani judo itakufundisha Kijapani kwa sababu kila kitu kinaitwa kwa Kijapani. Hajime, matte, ippon, waza-ari, hizo unazijua ungali Mombasa. Saa mbili za mazoezi unasikia maneno yale yale, na ukishakabwa shingo hata hayo husikii.

Lugha iko kabla na baada. Mgeni ndiye mdogo wa wote hata kama ana umri, kwa hiyo ndiye anayefika mapema kufagia mikeka. Nilikuwa nikifagia na kijana wa mwaka wa kwanza aliyetoka shamba, haongei ila kunong'ona, na kazi yake ni kunieleza kwa nini nimefagia vibaya. Ufagio uende kufuata mstari wa mkeka, usiukate. Kona ile umeiacha. Kitambaa usikikamue hapo, kikamulie pale. Kila siku. Kisha kuoga, kisha kula, na mezani kuna anayepaswa kumimina na anayemiminiwa, na kila mmoja unamsemesha kwa namna yake. Mwalimu wa darasani alinifundisha lugha ya adabu kwa kitabu, sikuielewa kabisa. Niliielewa siku niliyomsemesha mkubwa wa klabu vile ninavyomsemesha yule mfagiaji mwenzangu, chumba kizima kikanyamaza.

Kwa hiyo mimi niko kati na kati. Mchezo haufundishi lugha, ila unakupa watu ambao hawawezi kukukwepa.

#7 Kizingo_Kwetu
Chande, shukrani. Hii nitamsomea mama, hasa hapo pa ufagio, maana nyumbani hajawahi kuushika.

#8 Mwalimu_Ganjoni
Nafundisha lugha, na wenzangu mnaruka jambo moja. Huyo wa cheti cha ukutani msimcheke kabla ya kujua cheti chenyewe kinapima nini. Mtihani wa Kijapani unaoitwa JLPT, ngazi N5 ya chini mpaka N1 ya juu, hauna sehemu ya kuzungumza hata kidogo. Unapima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza, basi. Mtu anaweza kupata N2 hajawahi kufungua kinywa. HSK ya Kichina, ile iliyozoeleka ya ngazi 6, nayo kuzungumza kulikuwa na mtihani wake wa pembeni, HSKK, na wengi hawakuufanya. Basi aliyesoma akafaulu amejenga kile alichopimwa nacho. Mwanamichezo hapimwi kwa kalamu, anapimwa na wenzake kwa kumwelewa au kutomwelewa. Kila mmoja amefaulu mtihani wake.

Kuhusu mwili na lugha, si hoja ya vijiweni tu. Mwanasaikolojia Mmarekani James Asher tangu miaka ya 1960 alijenga mbinu nzima ya kufundisha kwa amri na vitendo: simama, geuka, chukua, weka. Wanaoanza huelewa haraka na huogopa kidogo. Lakini hufika mahali pakagota, maana maisha si amri peke yake. Mwambie mdogo wako "geuka" kwa Kijapani, atageuka. Mwambie aandike barua ya kueleza kwa nini kodi ya nyumba imechelewa.

#9 Tongoni_Tanga
Wakuu, nimecheka hapo kwa Mwalimu. Mimi taekwondo yangu ni ya huku Tanga, miaka mingi, na kuhesabu Kikorea nilijua kabla ya kujua Seoul iko wapi. Hana, dul, set, net, mateke mia bila kukosea. Nikaja kupata safari ya mafunzo Seoul, nikaenda hadi Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo. Jioni naingia sokoni kwa kujiamini, mama ananitajia bei, sielewi hata tarakimu moja. Kumbe wana hesabu mbili! Za kwenye mateke ndizo za kuhesabia vitu na watu, za pesa na tarehe ni nyingine kabisa, il, i, sam. Mwalimu wangu wa Tanga hakuwahi kututoza ada kwa Kikorea, ningejulia wapi.

#10 Bi_Msafwari
😂😂 Ungempiga teke tu akakupunguzia.

#11 Tongoni_Tanga
Dada yule mama alikuwa na mikono kuliko kocha wangu.

#12 Mama_Twaha
Nyote mwaongea kama pesa yaokotwa Mama Ngina. Huyu mama wa Kizingo ana haki yake. Mie maswali yangu ni mawili tu. Mtoto akivunjika mguu huko, nani alipa? Na akila, ala nini?

#13 Chande_wa_Changamwe
Mama Twaha, ya mguu ni nyepesi. Mwanafunzi akikaa Japani zaidi ya miezi 3 ni lazima ajiandikishe bima ya afya ya taifa, nayo hubeba asilimia 70 ya matibabu. Asilimia 30 ni yako, kwa hiyo awe na akiba kidogo. Klabu nazo huwa na bima ndogo ya mchezo, aulize siku ya kwanza.

Ya kula ndiyo yenye mtego. Viza ya mwanafunzi haikupi kazi. Unaomba kibali, ukikipata unaruhusiwa saa 28 kwa wiki, si zaidi, wakati wa likizo ndefu za shule zinaongezeka. Sasa piga hesabu. Asubuhi darasa. Jioni judo. Kazi itaingia wapi? Itaingia usiku, dukani au ghalani kupakia mizigo. Asubuhi unalala darasani, mahudhurio yanashuka, na mahudhurio ndiyo wanayoangalia uhamiaji ukienda kuongeza viza.

Niliona wengi wakianguka, na karibu wote hawakuangushwa na mchezo. Waliangushwa na zamu za usiku. Mama Kizingo anaulizia miereka, aulizie kazi. Kama familia inaweza kumlipia ada na chakula mwaka wa kwanza, darasa na judo vinakaa pamoja bila taabu. Kama haiwezi, kati ya vitu vitatu kimoja kitakufa, na kinachokufa kwanza huwa ni judo, kisha darasa. Kazi haifi.

#14 Baharini_Tu
Chande kasema kweli na huku Ujerumani ni vivyo hivyo, ila wao pesa wanaitaka mbele kabisa. Akaunti ya kuzuiwa, yaani pesa yako unaifungia benki: kwa mwanafunzi wa chuo euro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango cha tangu 2024, wanakutolea 992 kila mwezi. Na viza ya kozi ya lugha wanataka kozi nzito, angalau saa 18 za darasa kwa wiki. Ukiwa na ndoto ya kwenda kucheza mpira huku darasa likiwa la kuzugia, viza hupati.

Lakini nimpe Kizingo nguvu kidogo. Huku mchezo hauko shuleni, uko kwenye vilabu vya mtaa, wanaita Verein, viko zaidi ya 80,000 nchi nzima. Hata mji mdogo una chao. Mimi niliingia cha mpira wa mikono, mchezo wenyewe nilikuwa siujui. Kocha hakunifundisha lugha, kama alivyosema Chande. Lugha niliipata kwenye meza ya soda. Siku ya mechi ya nyumbani kila mwanachama ana zamu, nami nikawekwa kuuza soda na soseji. Wazee wa klabu wanakuja wamelipa noti kubwa, wanataka chenji, wanataka haradali, wanalalamika soseji imeungua, kisha wanakueleza mechi ya zamani waliyoibiwa na refa. Mzee mmoja alikuwa akirudi mara nyingi kuliko soseji alizoweza kula. Nilijua malalamiko yote ya Kijerumani kabla ya kujua kuomba radhi.

#15 Mtu_wa_Mtwapa
Sasa nyie mwateseka nini? Njooni Mtwapa. Mijana ya ufuoni hapa inaongea Kijerumani, Kiitaliano, na siku hizi Kipolandi, pasipoti haijawahi kuiona. Malindi nako Kiitaliano ni cha kuulizia bei ya mnazi. Hakuna mchezo, hakuna darasa, hakuna euro elfu kumi na moja. Ni tumbo. Mtu akijua kwamba bila neno hili leo hali, neno hilo litakaa. Wakiihuri hakujifunza Kijapani kwa sababu alikimbia, alijifunza kwa sababu asingekijua angekufa upweke.

#16 Mwalimu_Ganjoni
Mtwapa, nakubali nusu. Nimewafundisha hao vijana wako walipokuja kutaka cheti cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa ya lugha, cha kuoa na kuhamia. Kuongea wanaongea, wanakushinda wewe na mimi. Kalamu ikishikwa, jina la mke wanaliandika kwa kubahatisha. Na wapo waliodhani wanajua lugha kumbe wanajua kuuza safari ya mashua yenye sakafu ya kioo, kila sentensi inaishia kwenye bei.

#17 Mtu_wa_Mtwapa
Na mke hawajakosa. 😎

#18 Refa_Likoni
Uzi umenoga ila mniruhusu nitie chumvi kwenye kidonda. Kwa vijana wa mpira, haya maneno ya "lugha na mchezo" ndiyo chambo cha mawakala. Mpwa wangu alichukuliwa pesa na wakala mmoja mjini, aliahidiwa Hispania: asubuhi Kihispania, mchana akademia, mwaka ukiisha anasajiliwa klabu. Alikuwa na miaka 16. Ofisi ikafungwa, simu haipatikani.

Baadaye nikasoma kanuni. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho kinakataza kumsajili mchezaji chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, ila kwa sababu chache, mfano wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo hata wakala yule angekuwa mkweli, ile ahadi ya kusajiliwa ilikuwa hewa. Mtoto angesoma Kihispania na kupiga mazoezi, mechi rasmi hachezi.

#19 Takwimu_Mfukoni
Refa, kuna mwanya mmoja unaohusu uzi huu moja kwa moja. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu mwanafunzi chini ya miaka 18 aliyekwenda bila wazazi kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Lakini usajili hauzidi mwaka mmoja au mpaka atimize miaka 18 au programu iishe, na klabu lazima iwe ya ridhaa tupu, isiyo na timu ya kulipwa. Kwa hiyo FIFA wamekubali lugha na mpira viende pamoja, kwa sharti kwamba mpira usiwe na pesa ndani yake.

#20 Refa_Likoni
Ndipo penyewe. Wakala wetu alikuwa akitaja majina ya klabu za ligi kuu. Mwenye masikio na asikie.

#21 Mwana_wa_Makadara
Mbona hamuitaji capoeira, ule mchezo wa Brazili wa mapigano na ngoma? Mimi nasema huo ndio mchezo pekee ambao lugha haikwepeki. Huwezi kucheza bila kuimba. Duara likishasimama na berimbau, ala ya uta na uzi mmoja, ikalia, kuna anayeongoza na kila mtu aitikie, kwa Kireno, uwe Mbrazili au mtu wa Bombolulu. Asiyeitikia anaua mchezo. Mestre Bimba alifungua chuo chake Salvador 1932, na 2014 UNESCO wakalitia lile duara katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, nyimbo zikiwemo. Mimi nilijifunzia ufuoni Pirates kwa mgeni mmoja, nikaja kukaa Salvador muda. Nilifika nikiwa na nyimbo nyingi na mazungumzo hakuna. Lakini matamshi yalikuwa tayari yamekaa, na watu wakisikia matamshi safi wanakuongelesha kwa kasi zao, hawakuhurumii. Huko kutohurumiwa ndiko kulikonifundisha.

#22 Bi_Msafwari
Hilo la mchezo kukupa lugha, mbona hakuna aliyesema lugha *gani*? Kuna kijana wa Kizungu alikuja hapa, akawa anacheza mpira wa mchangani jioni na vijana. Kiswahili chake hapana mchezo, kakijua kwa muda mfupi. Siku moja kaletwa kwetu Kibokoni kumsalimia nyanyangu. Nyanya kakaa kitini na buibui yake, mkono kaunyosha apewe shikamoo yake. Kijana kampiga ngumi ya mkononi, kamwambia, "Niaje siste!" Nyanya kaniangalia mie, hakumwangalia yeye, akaniuliza, "Huyu mumemlisha nini?"

Kwa hivyo Kizingo, mdogo wako atarudi na Kijapani, lakini cha chumba cha kubadilishia nguo. Siku ya kuombea kazi ubalozini ndipo utakapojua.

#23 Chande_wa_Changamwe
Bi Msafwari ana hoja, japo judo si mpira wa mchangani. Kule kwa wakubwa na wadogo unalazimika kujua adabu. Nilichokikosa mimi ni kingine: nilikuwa naongea kama wanaume wa klabu, sauti ya kooni, maneno nimeyakata. Mwalimu wangu darasani, mama wa makamo, alikuwa ananisikiliza kisha anasema taratibu, "Sasa tuseme kama binadamu." Kwa hiyo darasa lilinisafisha. Vyote viwili, kama ratiba yaruhusu.

#24 Ukoo_wa_Vitabu
Nimechelewa. Hakuna aliyetaja kwamba kuchanganya judo na lugha si wazo la shule za leo, ni la mwanzilishi mwenyewe. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo na chuo chake Kodokan 1882, kazi yake ilikuwa ualimu. Ndiye aliyefungua Tokyo shule ya kuwafundisha Kijapani wanafunzi kutoka China, ikaitwa Kobun Gakuin, na judo ilifundishwa humo humo. Mmoja wa waliopita pale kuanzia 1902 ni Lu Xun, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa China. Alipotoka pale 1904 akaenda kusomea udaktari Sendai.

#25 Takwimu_Mfukoni
Sendai hiyo hiyo ya Wanjiru. Haya mambo.

#26 Bi_Msafwari
Na Lu Xun alikuwa mwanajudo hodari au mtu wa vitabu? Maana kama alikuwa wa vitabu, ushahidi huu ni wangu.

#27 Ukoo_wa_Vitabu
Wa vitabu. Lakini alijua Kijapani cha kutafsiri, na mikeka aliikanyaga. Gawaneni.

#28 Kaskazi_na_Kusi
Naomba nigeuze meza. Kwa nini mazungumzo yote ni sisi kwenda? Wageni wanakuja Diani kwa upepo. Kaskazi Desemba hadi Machi, kusi Juni hadi Septemba, wanarushwa na vishada vyao baharini wiki na wiki. Upepo ukilala, wamekaa hotelini wanatazama simu. Hapo ndipo pa kuwawekea Kiswahili, asubuhi darasa, alasiri bahari. Zanzibar pale SUZA, chuo kikuu chao cha taifa, wanafundisha wageni Kiswahili tangu zamani na watu wanapanda ndege kuwafuata. Sisi tuna lugha, tuna bahari, tuna mashua za tanga, na tunauza nazi.

#29 Mtu_wa_Mtwapa
Mgeni wa kishada hataki Kiswahili, ataka upepo. Angalia Iten. Wakimbiaji wa dunia nzima wanakaa kule kambini, uliza wangapi wanarudi na Kiswahili. Wanarudi na mapafu.

#30 Nahodha_Mstaafu
Kwa sababu Iten kila mtu anawajibu Kiingereza! Huyu mtoto wa Japani yuko tofauti kwa sababu Japani hakuna anayemjibu Kiingereza. Angalia Paul Tanui, fedha ya mita 10,000 Rio 2016, na Bedan Karoki, wote wamekulia mbio zao Japani, Karoki tangu sekondari huko Hiroshima. Si mchezo wala si darasa. Ni mji kukataa kukusaidia. Mpeleke mtu Diani, mhudumu atamjibu Kijerumani kabla hajamaliza kusema "naomba".

#31 Kaskazi_na_Kusi
Basi tuwapeleke Vanga au Gazi. Huko watasaidiwa na nani.

#32 Tongoni_Tanga
Mkifika Vanga mmekaribia kwetu, vukeni kabisa mje mjifunze Kiswahili.

#33 Bi_Msafwari
Tanga mwatupa Kiswahili, Mombasa tulishakilea kikaota meno. Usianze.

#34 Kaka_Saba
Kwa wenye haraka: Thailand tangu Julai 2024 wana viza yao DTV, na mazoezi ya Muay Thai, ndondi zao za mateke, yametajwa waziwazi kama sababu ya kuombea. Inakwenda miaka 5, siku 180 kila ukiingia, ila uonyeshe akiba ya baht 500,000. Lugha hawakulazimishi. Kwa hiyo wengi wanarudi na vifundo vya miguu vigumu na Kithai cha kuagiza wali.

#35 Kizingo_Kwetu
Nimerudi. Mama kausikiliza uzi mzima, nimemsomea jikoni akikaanga. Kwa Bi Msafwari amecheka mpaka mafuta yakaungua. Lakini kilichomgusa si lugha wala judo, ni zile saa 28. Sasa amegeuka: judo acheze, kazi asifanye mwaka wa kwanza. Baba naye amesema kama hafanyi kazi, nani atalipa, na ameanza kuulizia bei ya ile tuktuk yetu. Yaani tumetoka kwenye ugomvi mmoja tumeingia mwingine.

Shule wanapokea wanafunzi Aprili, Julai, Oktoba na Januari. Chande, ungekuwa wewe, ungemwingiza lini?

#36 Chande_wa_Changamwe
Aprili. Ndiyo mwanzo wa mwaka wao, na klabu za vyuo ndipo zinapopokea watu wapya, kwa hiyo hatakuwa mgeni peke yake wa kufagia. Akija Oktoba atawakuta wenzake wameshazoeana. Ila Aprili bado kuna baridi ya kumtosha mtu wa Kizingo, na ukumbini hawawashi joto. Akaze Kijapani cha mwanzo kabla ya kuondoka, shule nyingi zinataka N5 au saa 150 za masomo hata kabla ya kuombewa viza. Na tuktuk msiiuze kabla karatasi ya uhamiaji haijatoka.

#37 Mwalimu_Ganjoni
Naunga mkono la tuktuk.

#38 Mama_wa_Tudor
Ndio kwanza naingia. Binti yangu ana miaka 14, anaogelea, na shuleni kwao wanasoma Kifaransa. Kuna mpango wa likizo Ufaransa, lugha asubuhi na bwawa mchana. Hiyo sheria ya miaka 18 aliyosema Refa, inamgusa?

#39 Refa_Likoni
Ile ni ya FIFA mama, ya mpira wa miguu tu, na ni ya usajili wa klabu. Mpango wa likizo hauhusiki. Wewe uliza mambo mengine: nani yuko bwawani na watoto, analala wapi, na risiti inatoka kwa nani. Ukiambiwa ulipe kwa namba ya mtu binafsi, njoo hapa kwanza.

#40 Mama_wa_Tudor
Nimeambiwa ndivyo, nilipe kwa namba ya mtu.

#41 Refa_Likoni
Usitume. Nakuja pembeni.